Programu Mbili, Betri Moja

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500 ya kampuni moja ya Uingereza, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zilileta hasara na mkanganyiko, na wakubwa wakaona heri mlango ufungwe kwanza. Mwaka mmoja baadaye, 1975, mitambo ya kwanza ya Kidatu ilianza kufua umeme kwa maji ya mto Ruaha Mkuu, na nyaya za msongo wa kilovolti 220 zikavutwa kutoka huko, kupitia Morogoro, hadi Ubungo, Dar es Salaam. Mkoa wa Morogoro ukawa tegemeo la umeme wa nchi nzima katika miaka ileile ambayo kompyuta ilikuwa kitu cha kuombewa kibali maalumu.

Marufuku hiyo ililegea na hatimaye kuisha katika miaka ya 1990. Kompyuta zikaingia, kwanza za mezani, kisha za mpakato, ambazo wengi huziita laptopu tu. Umeme nao uliongezeka: Mtera ikaanza mwaka 1988, na Kihansi ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini mabwawa hayo yote yalitegemea mvua, na mvua ilipogoma nchi iliingia kwenye mgawo wa umeme. Mgawo wa mwaka 2006 haujasahaulika. Ndio uliozaa mkataba wa dharura wa kufua umeme na kampuni ya Richmond, na kashfa ya mkataba huo ndiyo iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 mgawo ulirudi, na mwaka 2023 ukarudi tena. Mwenye laptopu katika vipindi hivyo alizijua kwa kichwa saa za umeme wa mtaa wake, na alijua pia betri yake ingemvusha dakika ngapi.

Dakika hizo ndizo zinazonihusu hapa. Kwa zaidi ya miaka thelathini wataalamu wa sehemu mbalimbali za dunia wamekuwa wakiandika programu za kuzirefusha, kila mmoja kwa nia njema. Mara nyingi programu hizo zimekutana ndani ya mashine moja zikaharibiana kazi. Namna waandishi wake walivyojifunza kuzizuia zisigongane inastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu anayekutana na mgongano huo leo huona ujumbe mfupi tu kwenye skrini, tena kwa kawaida umeme ukiwa umekatika, na hudhani kompyuta imekufa.

Ngerengere ni mahali pazuri pa kuitazamia habari hii. Ipo kwenye tambarare ya joto mashariki mwa milima ya Uluguru. Mto wenye jina hilohilo hutoka milimani, huingia bwawa la Mindu, hupita mji wa Morogoro, kisha huzunguka hadi kumwagika Ruvu. Mji mdogo wa Ngerengere ni stesheni ya reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, na pembeni yake yalienea mashamba ya mkonge. Laptopu inayotumiwa na mwalimu au mwanafunzi wa huko mara nyingi si mpya. Imefanya kazi ofisini Ulaya au Dubai, ikauzwa kwa jumla, ikapita soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ikafika. Ni mashine imara, lakini betri yake imeshachoka, na joto la tambarare halimpi nafuu mwenye betri iliyochoka. Kwa mtu huyo, programu ya kutunza umeme ni kitu cha lazima.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa kanuni iliyoitwa APM. Katika kanuni hiyo madaraka makubwa juu ya umeme yalikaa kwa BIOS, programu ndogo inayowekwa ndani ya ubao wa kompyuta tangu kiwandani. BIOS ndiyo iliyohesabu muda na kuamua skrini izimwe lini na diski ilale lini. Udhaifu wa mpango huo ulionekana mapema. BIOS haikujua mwenye mashine anafanya nini. Iliona kibodi haijaguswa kwa muda, ikaanza kulaza vitu, kumbe mashine ilikuwa katikati ya hesabu ndefu. Tena kila kiwanda kilikuwa na BIOS yake yenye tabia zake.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba waligeuza mambo. Kanuni yao mpya, ACPI, iliuondoa uamuzi kwa BIOS ikaukabidhi mfumo endeshi: Windows kwa mwenye Windows, Linux kwa mwenye Linux. BIOS ikabaki kueleza tu kwamba mashine hii ina betri ya namna hii, feni ya namna hii, na hatua hizi za usingizi. Nauona huo kuwa uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia hii, na ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu anayeijua kazi inayofanyika ndiye anayefaa kushika swichi. Hata hivyo uliacha swali moja wazi. Ndani ya mfumo endeshi mna programu nyingi. Ni ipi kati yake itakayoishika?

Kwa Windows jibu lilitoka kwa kampuni moja. Linux ilikuwa na hali nyingine kabisa. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliitangaza mwaka 1991, naye aliandika kiini tu, kile kinachoitwa kerneli. Vilivyobaki viliandikwa na maelfu ya watu wasiofahamiana, wa nchi mbalimbali, bila bosi mmoja wa kuwapangia nani afanye nini. Mtu alikuwa na shida, akaandika programu ya kuitatua, akaitoa bure. Uhuru huo ndio uliofanya Linux ikue, na ndio ulioleta hatari ya watu wawili kutatua shida moja kwa njia mbili zinazopingana.

Agosti 1993 kijana wa Marekani, Ian Murdock, alitangaza mradi wa Debian, mfumo kamili uliojengwa juu ya Linux, ambao baadaye ulizaa Ubuntu na mifumo mingine. Debian ilizigawa programu katika vifurushi, na kila kifurushi kikapewa mtunzaji wake. Ndani ya kifurushi mna programu yenyewe pamoja na maelezo yake: jina, toleo, na vitu vingine inavyovihitaji ili ifanye kazi. Katika maelezo hayo mnaweza kuwa na mstari mwingine unaotaja vifurushi ambavyo hakiwezi kukaa navyo pamoja. Mstari huo huitwa Conflicts, na huandikwa na binadamu. Kompyuta haina namna ya kugundua yenyewe kwamba programu fulani mbili zitagombana. Mtunzaji huuweka mstari huo kwa sababu ameliona tatizo, au kwa sababu mtumiaji aliyeumia amemwandikia na kumweleza.

Kusoma maelezo hayo ni kazi ya programu iitwayo dpkg, ambayo Ian Jackson aliiandika upya baada ya Murdock. Juu yake ikaja APT, iliyotoka rasmi pamoja na Debian 2.1 Machi 1999. Ukiiomba APT ikuwekee programu, inasoma maelezo ya maelfu ya vifurushi, inatafuta mkusanyiko unaokubaliana, na inakuonyesha orodha ya vitakavyoingia na vitakavyotolewa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS walionyesha kwa hisabati kwamba swali la kama kifurushi fulani kinaweza kuwekwa bila kugongana na vingine ni miongoni mwa maswali magumu ya sayansi ya kompyuta, yale ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyajibu katika kila hali. APT hulijibu kwa sekunde chache kwenye laptopu ya mtumba, na kwa kiasi kikubwa hiyo ni kwa sababu watunzaji wameandika maelezo yao kwa uangalifu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Sasa programu huria kubwa ilizungumza lugha ya mtumiaji wa Ngerengere. Katika kipindi hichohicho wanakerneli walikuwa wanahangaika na diski. Diski ngumu za wakati ule zilikuwa sahani zinazozunguka, na kuzizungusha kulikula umeme. Kila programu iliyoandika herufi mbili tatu iliiamsha diski iliyokwisha kulala. Jens Axboe wa Denmark akaiwekea kerneli hali iliyoitwa laptop mode: maandishi madogo yanashikiliwa kwenye kumbukumbu, diski inalala, kisha baada ya dakika kadhaa yote yanaandikwa kwa mkupuo. Bart Samwel wa Uholanzi aliihamishia kwenye kerneli mpya ya 2.6 na kuitengenezea programu ya kuiendesha, laptop-mode-tools. Ukichomoa chaja inaiwasha, ukichomeka inaizima. Hasara yake ilikuwa bayana: betri ikikata ghafla, kazi ya dakika hizo zilizoshikiliwa inapotea.

Laptop-mode-tools ilianza na kazi hiyo moja. Lakini watu waliopenda inavyofanya waliomba zaidi, na maombi yao yalikuwa ya haki. Ipunguze mwanga wa skrini, ishushe kasi ya prosesa, ilaze vifaa vya USB, itulize antena ya Wi-Fi. Kidogokidogo ikawa msimamizi wa karibu kila kitu kinachokula umeme. Programu nyingi za aina hii zimepita njia hiyohiyo, na hapo ndipo mgongano unapozaliwa: kila moja huanza na kona yake ndogo, kisha kona zinapanuka mpaka zinakutana.

Mwaka 2007 Intel ikatoa PowerTOP, iliyoongozwa na Arjan van de Ven. Hii iliwafungua macho wengi, kwa sababu ilionyesha ni programu ipi inayoigutusha prosesa mara ngapi kwa sekunde. Ilikuwa pia na njia ya kurekebisha mambo yenyewe, na watu wakawa wanaiagiza ifanye hivyo kila kompyuta inapowaka, bila kujali kama kuna msimamizi mwingine. Kampuni ya Red Hat nayo ilikuja na chombo chake, TuneD, kilicholenga zaidi seva.

Kisha akaja Mjerumani Thomas Koch na TLP. Koch aliwalenga wenye ThinkPad, zile laptopu nyeusi ambazo IBM ilianza kuziuza mwaka 1992 na kuzikabidhi Lenovo mwaka 2005, na ambazo zimejaa kwenye maduka ya mtumba ya Kariakoo hadi leo. TLP haina madirisha wala vitufe. Unaiweka, inajua chaja ikichomekwa na ikichomolewa, na inabadilisha mambo mengi kwa mpigo bila kukuuliza. Mipangilio yake yote imo katika faili moja la maandishi, na kila mstari una maelezo. Kwa ThinkPad ina jambo moja ambalo kwa maoni yangu lingetosha peke yake kuifanya ipendwe kwenye joto la Ngerengere: inaweza kuizuia betri isijae kabisa. Unaweka kiwango cha juu, tuseme asilimia 80, na cha chini, tuseme 75, na chaji haianzi mpaka betri ishuke chini ya hapo. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa kwenye joto, na laptopu inayoshinda kwenye chaja mchana kutwa ndiyo inayopatwa na balaa hilo.

TLP na laptop-mode-tools ziligusa vitu vilevile, kwa hiyo watunzaji wa Debian waliandika mstari wa Conflicts. Ukiweka moja, nyingine inatoka. Mgongano wa kwanza mkubwa ulimalizwa hivyo, kimyakimya, na watumiaji wengi hawakujua kwamba kulikuwa na tatizo.

Tuusogelee mgongano wenyewe tuuone unavyotokea. Ndani ya Linux, kasi ya prosesa huongozwa kupitia mafaili madogo yaliyo chini ya folda iitwayo /sys. Mojawapo linaitwa scaling_governor. Ukilifungua unakuta neno moja tu. Laweza kuwa powersave, laweza kuwa performance, au schedutil. Programu inayotaka prosesa itulie huandika neno lake humo, na inayotaka kasi huandika la kwake juu yake. Kerneli haiulizi nani ameandika wala kwa nini, na neno lililokuwamo halibaki popote. Kerneli hulitii neno la mwisho.

Chukua sasa mashine yenye wasimamizi wawili. Umeme unakatika. Kerneli inatangaza kwamba chaja imetoka, na wasimamizi wote wawili wanasikia. Wa kwanza anaandika powersave. Wa pili, kwa kuwa mwenye mashine wiki iliyopita alichagua kasi alipokuwa akikata video, anaandika performance. Tofauti kati yao ni sehemu ndogo ya sekunde, na mpangilio wao unaweza kubadilika mashine inapowashwa. Kwa hiyo siku moja betri inadumu, na siku nyingine inaisha upesi huku feni ikivuma, ingawa mtumiaji hakugusa kitu. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa upande wa kerneli hakuna kosa lililofanyika. Kila amri ilikuwa halali. Kasoro ya aina hii inachosha mafundi kuliko inayovunja mashine moja kwa moja, kwa kuwa haijirudii kwa utaratibu.

Reli ya kati ya zamani, inayopita Ngerengere, ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni, na dereva haingii kipande cha mbele mpaka apewe idhini, hata kama macho yake yanaona njia nyeupe. Utaratibu huo hauna dharau kwa dereva yeyote. Madereva wote wawili ni hodari na wote wana abiria wa kuwafikisha. Mstari wa Conflicts umeandikwa kwa nia hiyohiyo: programu zote mbili ni nzuri, lakini kipande ni kimoja.

Mgongano uliosumbua watu wengi zaidi ulianza mwaka 2020. Bastien Nocera, aliyekuwa akifanya kazi Red Hat, aliandika power-profiles-daemon. Alikuwa na sababu ya msingi. Laptopu mpya zilikuja na wasifu wa umeme uliojengwa kiwandani, ndani kabisa ya mashine, unaoongoza joto, feni na nguvu ya prosesa kwa pamoja, na mwaka 2021 kerneli ya 5.12 ilifungua njia moja ya pamoja ya kuufikia. Nocera alitaka mtu wa kawaida aone vitufe vitatu tu: kuokoa umeme, wastani, na kasi. Mtumiaji achague, mashine itii.

Ukiitazama vizuri, hapa kuna tofauti ya fikra, na ndiyo maana haikuwa rahisi kuimaliza. Kwa Koch, mashine inapaswa kufuata chaja: ukichomoa inaokoa, ukichomeka inaachia, na mambo madogomadogo yanapangwa mara moja kwenye faili. Kwa Nocera, mashine inapaswa kufuata mtu, kwa sababu kuna anayetaka kasi hata akiwa kwenye betri. Mwalimu anayeandaa mitihani mgawo ukiwa umeanza angemkubali Koch. Kijana anayemaliza kutengeneza video ya harusi huku mteja anasubiri angemkubali Nocera. Sioni namna ya kusema mmoja wao alikosea.

Mfumo mwingine wa Linux, Fedora, katika toleo lake la 35 la Novemba 2021 uliiweka power-profiles-daemon kwa kila mtumiaji wa toleo lake la kawaida lenye madirisha na vitufe, na Ubuntu 22.04 ya Aprili 2022 ikafanya hivyo pia. Watu waliokuwa na TLP kwa miaka walisasisha mashine zao wakajikuta na wasimamizi wawili ambao hawakuwaalika pamoja. Dalili zilikuwa zilezile za neno la mwisho: vitufe vinabonyezwa bila matokeo, au betri inaisha mapema bila sababu.

Pande zote mbili zilichukua hatua. Katika faili la huduma la power-profiles-daemon, TLP ilitajwa kwa jina kuwa isiyoweza kwenda nayo, hivyo systemd, ile programu inayosimamia huduma zote, ikiwasha moja huizima nyingine. TLP nayo iliongeza ukaguzi. Ukiendesha amri yake ya tlp-stat kwa alama ya -s, inakueleza kama mpinzani bado yupo, inakuonya kwamba uokoaji wa umeme hautafanya kazi mashine itakapowaka, na inakupa amri ya kulimaliza tatizo.

Amri hiyo inastahili kuelezwa, maana hapo ndipo wengi walipokwama. Mtu akiambiwa azime huduma, kwa kawaida huiagiza isianze kompyuta inapowaka. Kwa power-profiles-daemon hiyo haikutosha. Huduma hii inaweza kuamshwa na programu nyingine: ukifungua sehemu ya umeme kwenye mipangilio ya GNOME, programu inayoonyesha madirisha na vitufe vya skrini, GNOME inaiita kwa jina, na systemd inaiwasha hata kama iliambiwa isianze. Mtu anaizima asubuhi, jioni anaikuta inafanya kazi, na anaanza kuishuku mashine nzima. Dawa ilikuwa kuifunika kabisa, kwa amri ya systemctl mask, ambayo huelekeza jina la huduma hiyo mahali patupu ili yeyote anayeiita asipate jibu. Au, na hii ndiyo njia ambayo Koch mwenyewe aliipendekeza, kuking'oa kifurushi chake na kubaki na msimamizi mmoja.

Kinyume chake pia kilikuwa halali. Mwenye laptopu mpya ambayo kiwanda chake kimeutengeneza wasifu wa umeme vizuri angeweza kuing'oa TLP na kubaki na vitufe vitatu. Kwa mashine za mtumba zilizozeeka, nyingi zikiwa hazina wasifu huo wa kiwandani, ningeanza na TLP, hasa kwa ajili ya kile kikomo cha chaji. Kifurushi chake ni kidogo, hakifiki megabaiti moja, kwa hiyo hata bando la mwisho wa mwezi linakitosha.

Jambo lililoharibu mashine nyingi lilikuwa papara. APT ikionyesha kwamba ili iweke TLP lazima itoe kifurushi fulani, inasubiri jibu la ndiyo au hapana, na orodha ya vinavyotolewa iko hapo juu ya swali. Ni mistari michache ya kusoma. Wapo walioipita, wakakubali kutoa vitu walivyovihitaji. Wapo pia walioikasirikia APT, wakaenda moja kwa moja kwa dpkg na kuilazimisha ipuuze migongano, jambo ambalo dpkg inaliruhusu kwa anayeagiza. Mashine zao ziliendelea kuwaka, lakini kila usasishaji uliofuata ulikwama kwa sababu hesabu ya vifurushi haikukubaliana tena, na fundi aliyepelekewa alilazimika kurudi nyuma kifurushi kimoja baada ya kingine.

Mwaka 2024 ulibadilisha mambo ya umeme Morogoro na ya kompyuta pia. Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ulianza kuingiza umeme kwenye gridi, katika mradi uliopangwa kutoa megawati 2,115. Juni 14 treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikiwa na stesheni Ngerengere, na nyaya zake zikapita juu ya tambarare ambayo reli ya zamani ilikuwa imeikata zaidi ya karne moja kabla.

Oktoba ya mwaka huohuo Fedora 41 iliiondoa power-profiles-daemon na kuiweka TuneD mahali pake, pamoja na mkalimani mdogo aitwaye tuned-ppd. GNOME ilibaki na vitufe vyake vitatu na lugha yake ileile ya kuviombea. Aliyebadilika ni anayejibu. Kazi ya mkalimani ni kupokea ombi la GNOME kana kwamba yeye ndiye power-profiles-daemon, kisha kulipeleka kwa TuneD kwa namna TuneD inavyoelewa. TLP ilifuata njia hiyohiyo katika toleo lake la 1.9, lililokuja na huduma iitwayo tlp-pd: mwenye TLP sasa anaweza kubonyeza vitufe vya skrini, na TLP ndiyo inayotekeleza. Fikra ya Koch na fikra ya Nocera zilipata mlango mmoja wa kuingilia, huku nyuma ya mlango huo akikaa msimamizi mmoja tu kwa wakati. Iliwachukua watu wa programu huria miaka kadhaa kufika hapo, na walifika kwa kukubaliana juu ya namna ya kuombana huku kila mmoja akiendelea kutengeneza chombo chake.

Laptopu nyingi zilizopo mikononi mwa watu hazijafika huko bado. Zinatumia matoleo ya miaka ya nyuma, yenye TLP isiyo na tlp-pd, na zitaendelea hivyo mpaka mwenyewe apate muda na bando la kusasisha. Ubuntu hutoa toleo jipya kila Aprili na Oktoba, na lile la kutunzwa muda mrefu kila baada ya miaka miwili. Mashine inapohamia toleo jipya, power-profiles-daemon iliyokuwa imeng'olewa inaweza kurudi pamoja na vifurushi vya GNOME. Kwa hiyo baada ya kila usasishaji mkubwa inafaa kuendesha tena tlp-stat, kusoma mistari yake ya kwanza, na kama mpinzani amerudi, kumtoa kabla ya kurudisha laptopu kazini.